Unene wa Mstari

Honda nyekundu iliruka tuta, ikayumba, ikakaa sawa, ikazidi kukimbia.

Nyuma yake, Yamaha nyeusi haikupunguza mwendo hata chembe.

Asubuhi ilikuwa ndiyo kwanza inachangamka. Maduka yalikuwa yanafunguliwa, ndoo za maji zinamwagwa vibarazani, na watu wenye haraka zao waliruka pembeni na kuacha matusi yakielea hewani. Mwendesha Honda alibeba mgongoni bomba jeusi la plastiki, lile wanalobebea michoro wahandisi. Alikuwa anajua kuendesha.

Bahati yake mbaya, anayemfukuza alijua zaidi.

"Bikari, Breki hapa," kisikilizio kilikoroma sikioni. "Anaingia mtaa wa mafundi bati."

"Mzibie upande wa pili."

"Nimzibie na nini? Nina Land Cruiser moja tu."

"Itumie hiyo hiyo moja."

Bikari lilikuwa jina lake la kazi. Kabla ya kula kiapo cha upelelezi alikuwa amesoma usanifu wa majengo, akaacha njiani. Chuo kilimwachia vitu viwili: jina hilo, na tabia ya kuingia katika kila jengo akijiuliza nini kimeshikilia nini.

Kona. Moshi wa gesi ya kulehemu. Mabati yamesimamishwa kama karata. Honda ikapenya katikati.

Mbele yake Land Cruiser ikajaa mtaani, ubavu kwa ubavu na kuta.

Mwendesha Honda akabana breki zote mbili. Pikipiki ikaenda upande wake, yeye akaenda upande wake. Mkono ukapapasa kiunoni.

Buti la Bikari likatua juu ya kifundo cha mkono huo. Glock ikamwangalia usoni.

"Tulia."

"Mimi mjumbe tu, dada yangu."

"Kila ninayemwangusha huwa mjumbe tu. Unapeleka wapi?"

Alisema upesi. Watu wa aina yake husema upesi wakiona tundu la bastola kwa karibu. Bomba alikabidhiwa barabarani na gari lililokuwa linatembea, namba zimefunikwa. Alipeleke mlango wa nyuma wa Ukumbi Mpya kabla ya adhuhuri. Atakayelipokea atauliza: umeleta dari? Atajibiwa: nimeleta dari na sakafu. Basi. Hamjui aliyelituma, hamjui atakayelipokea.

Breki alishuka garini. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizitumia.

"Ukumbi Mpya," alisema. "Leo. Yesu na Maria."

Wote wawili walijua maana yake. Saa tisa alasiri, nchi mbili zilizopigana miaka mingi zingetia saini mkataba wa amani ndani ya ukumbi huo. Na kulikuwa na bwana mmoja, ofisini walimwita Mshauri, aliyewauzia silaha pande zote mbili kwa mkono mmoja na tabasamu moja. Amani ingemfungia duka. Kwa wiki kadhaa Ofisi ilikuwa inanusa baruti yake bila kujua ameificha wapi.

Bikari akafungua kifuniko cha bomba. Akatoa karatasi moja angavu, akaikunjua juu ya boneti.

Mchoro wa mkato. Ukumbi Mpya umepasuliwa katikati, kuanzia kilele cha paa hadi kwenye msingi. Wino mweusi, uliochorwa kwa mkono, bado una harufu.

Bikari akaugusa wino kwa kidole.

Aliujua mkono ule. Aliujua tangu ulipokuwa unachora nyumba kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni na kuchapwa kwa ajili hiyo.

"Vipi?" Breki aliuliza.

"Mpakie huyu mjumbe," alisema Bikari. "Twende kwa Mkuu."

Simu ikatetemeka mfukoni. Mama.

Hakuna mpelelezi duniani aliyefundishwa namna ya kutopokea simu ya mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe na mdogo wako mmenisusa? Tangu juzi Kitinda hapokei simu."

"Yuko safari ya kazi, Mama."

"Safari gani ya kazi mtu anaacha mashine yake ya kupimia mezani kwangu? Nilikwambia umpelekee."

"Ninayo mfukoni."

"Sasa inakaa mfukoni kwako inafanya nini?"

Bikari akagusa koti. Kweli, ilikuwepo: Leica ndogo ya kupimia umbali kwa mwanga wa leza, ukubwa wa simu. Kitinda hakuwahi kwenda kazini bila kitu hicho. Na juzi alikuwa ameandika ujumbe mmoja mkavu, *nimesafiri kikazi*, bila utani, bila kumwita Dada. Na yeye, dada mkubwa, jasusi mzima, akausoma na kuendelea kunywa chai.

"Nitampelekea leo, Mama."

"Leo hii hii."

"Leo hii hii."

*

Mkuu aliweka miwani kwenye paji la uso, akauinamia mchoro kama anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

"Mkono wa nani huu?"

Angeweza kudanganya.

"Wa mdogo wangu. Ndiye aliyeusanifu ukumbi."

Nje ya dirisha kiyoyozi kilidondosha maji juu ya bati, tone baada ya tone.

"Michoro halisi iko kwenye sanduku la chuma hapa chini," alisema Mkuu polepole. "Watu hawa hawakuipata. Kwa hiyo wamemtafuta mwenye kichwa chenye michoro. Na yeye kawachorea kiunzi cha jengo lake mwenyewe, nguzo kwa nguzo, waweke baruti pale inapouma."

"Hajawapa kiunzi, Mkuu. Kawapa nguo."

"Fafanua kabla sijakasirika."

Bikari akachukua penseli mezani, akaigeuza, akatumia kichwa chake kuonyesha.

"Mkato ni hivi: unalipasua jengo kwa kisu kama mkate, unatazama ndani. Kile ambacho kisu kimepita katikati yake unakichora kwa mstari mnene. Kile jicho linachokiona nyuma ya kisu, mwembamba. Atakayeushika mchoro anajua papo hapo ipi mifupa na ipi ngozi, hata kama hajawahi kufika. Ndiyo kazi ya mchoro. Jengo likishapigwa plasta huoni tena nini kimebeba nini. Mchoro peke yake ndio unaokwambia."

"Endelea."

"Angalia nguzo nne za mbele. Nene, zimejazwa wino, kama zege na nondo toka chini hadi juu. Nguzo zile ni maganda matupu. Wavu na plasta. Wakubwa walitaka nguzo za kupigia picha, akawapa za kupigia picha. Paa lote linabebwa na ukuta wa nyuma. Linatokeza mbele kama sinia kwenye mkono wa mhudumu. Ukuta huo una unene wa mlango wa benki. Hapa kauchora kwa kalamu nyembamba kuliko zote alizonazo. Kama pazia."

Mkuu alisogeza miwani ikarudi puani.

"Labda kakosea. Mtu ameshikiwa bastola, mkono unatetemeka."

"Mkuu, huyu ni mtu aliyewarudishia wachapaji mialiko ya mahafali yake kwa sababu fremu ya kulia ilikuwa nene kuliko ya kushoto. Hakosei mstari. Kaugeuza kwa makusudi. Kawaambia wapigie baruti pasipobeba kitu."

"Au amewaambia ukweli, na wewe unamtetea ndugu yako."

"Basi fungua sanduku lako la chuma ulinganishe."

Mkuu alimtazama. Kisha akanyanyua simu ya mezani, akaagiza. Mchoro halisi ukaletwa na mtu mwenye funguo mbili. Wakaulaza sambamba na ule mwingine.

Ukuta wa nyuma: mweusi, mnene, mzito. Nguzo za mbele: mistari miwili myepesi na katikati hewa tupu.

Michoro miwili ya jengo moja, na kila mmoja unasema kinyume cha mwenzake.

"Shetani mdogo," alinong'ona Mkuu. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

"Mchoro lazima ufike," alisema Bikari. "Usipofika watajua tumeunasa. Watamgeukia yeye, na safari hii hawataomba kwa upole."

"Na ukifika, nitamwona anayeupokea, na ataniongoza mwenyewe mpaka kwenye baruti." Mkuu alikuwa ameshasimama. "Wageni hawatoki hotelini mpaka niseme. Breki atavaa helmeti ya mjumbe. Ila mafundi mle ndani siwezi kuwatoa. Ukumbi ukiwa mtupu, mpokeaji atashtuka. Unaelewa ninachofanya? Ninaweka roho za watu juu ya unene wa mstari."

"Ninaelewa."

"Vizuri. Weka bastola mezani."

Bikari hakusogea.

"Ni ndugu yako. Kanuni unaijua. Kuanzia sasa huna kazi leo."

"Na yeye? Nani anakwenda kumtoa?"

"Nitume watu wapi? Niambie mtaa, niambie mlango. Hata mjumbe hajui."

Glock ikagusa meza. Kitambulisho kikaifuata.

Akatoka na kitu kimoja tu ambacho Mkuu hakukiona, au alijifanya hakukiona: picha ya mchoro kwenye simu yake.

*

Alikaa kwenye ngazi za nyuma za ofisi, kati ya ndoo ya deki na dumu la petroli. Akaipanua picha kwa vidole.

*Wao umewadanganya. Mimi umeniambia nini?*

Paa. Boriti. Nguzo za uongo. Ukuta wa uongo. Sakafu.

Na juu ya sakafu, mtu.

Kila mchoro wa mkato una mtu wa kipimo, anayewekwa ili jicho lijue dari iko juu kiasi gani. Wachoraji wengi humweka yeyote. Kitinda alimweka Mama. Siku zote Mama, mkoba mkononi, mwavuli umekunjwa, ametazama kushoto na mguu mmoja mbele, kama anayechelewa. Wateja walidhani ni pambo. Shule, zahanati, stendi, kila jengo alilochora lilikuwa na Mama ndani akielekea mlangoni.

Leo Mama alikuwa amegeuka.

Amewapa watazamaji mgongo. Anatazama nyuma, ndani ya mchoro, kule kwenye mistari myembamba.

Bikari akamfuata kwa macho.

Nyuma ya ukumbi, kwa mistari hafifu kabisa, kulikuwa na tangi la maji juu ya miguu minne ya chuma, na nyuma ya tangi paa refu lenye meno kama msumeno.

Nyuma ya Ukumbi Mpya halisi kuna kiwanja cha mpira. Hakuna tangi. Hakuna msumeno.

Akasimama. Ndoo ikaanguka.

Kitinda alikuwa amekaa mbele ya dirisha, ameshikiwa bastola, akilazimishwa kuchora jengo lake. Nyuma ya jengo akachora dirisha. Mbele ya macho yao. Wakaona mapambo.

Paa la meno mjini lilikuwa moja: kiwanda cha nyuzi kilichokufa, ng'ambo ya reli.

Akapiga simu akiwa tayari juu ya Yamaha.

"Mkuu. Kiwanda cha nyuzi."

"Uhakika?"

"Amechora."

Pumzi ndefu upande wa pili. "Watu wangu wote wako ukumbini, na siwezi kumtoa hata mmoja mpaka mpokeaji ajitokeze. Nikipeleka ving'ora huko, unajua watakachofanya kwanza."

"Sijaomba ving'ora."

"Na mimi sijakusikia. Wewe hupo kazini." Kisha, kabla ya kukata: "Simu yako iache wazi."

*

Majengo ya kiwanda yalikuwa mengi, yote yamefanana, madirisha yamevunjika, majani yameota kwenye mifereji ya bati. Kuyapekua moja moja kungechukua siku nzima.

Hakupekua. Akasimama uani, picha mkononi, akatafuta mahali pa jicho.

Katika mchoro, mguu wa kushoto wa tangi ulifunika jino la tatu la paa. Akatembea kando kando ya ukuta mpaka mguu halisi ukalifunika jino halisi. Akageuka. Mgongoni pake kulikuwa na jengo la rangi, ambamo zamani walitia nyuzi rangi. Ghorofa nne.

Ipi sasa? Kitinda alikuwa amechora tumbo la tangi, lile duara la chini. Kwa hiyo jicho lake liko chini ya tangi. Lakini alikuwa amechora pia mgongo wa paa la meno, kwa juu. Kwa hiyo jicho liko juu ya paa. Chini ya tangi, juu ya paa.

Ghorofa ya tatu. Dirisha la mwisho.

Mlangoni mlinzi alikaa juu ya kreti, miguu mbele, bunduki fupi ya Uzi imefunikwa gazeti. Bikari akamwendea moja kwa moja, kalamu sikioni, akisoma simu kama mtu aliyechoshwa na kazi yake.

"Dada, hapa pamefungwa."

"Najua pamefungwa, kaka. Mita haijafungwa. Inasoma maji kila mwezi."

"Maji gani? Hapa hapana maji."

"Ndicho ninachojiuliza. Nani anakunywa, wewe?"

Mlinzi akacheka, akashusha mguu mmoja kumpisha. Hapo hapo mkono wa Bikari ukapita shingoni mwake kama skafu, goti likazama mgongoni. Mlinzi akarusha mateke mawili kwenye kreti. La tatu halikufika.

Akaiinua Uzi, akavuta mtambo. Umeganda. Kutu tupu. Alikuwa amewekwa pale kutisha watoto.

Akaitupa ndani ya pipa, akavua viatu, akapanda ngazi kwa soksi.

*

Wakati huo huo, mlango wa nyuma wa Ukumbi Mpya ulifunguka kidogo. Fundi wa taa, ovaroli ya buluu, akachungulia.

"Umeleta dari?"

"Nimeleta dari na sakafu," alijibu Breki ndani ya helmeti iliyombana masikio.

Bomba likabadilisha mikono. Fundi akakunjua mchoro juu ya spika, akaukagua, akatabasamu. Mistari minene, wino mweusi. Hata mtoto angeona wapi pa kupiga.

Akasukuma kitoroli chenye masanduku ya taa mpaka nguzo ya kwanza. Akaizungushia pazia jeusi, kama anayepanga nyaya. Akachomeka drili ya Hilti, akakaza meno, akaegemea kwa uzito wa mwili wote kama mtu anayekwenda kutoboa zege.

Ncha ikazama kama kwenye biskuti. Fundi akaifuata mpaka bega.

Akachomoa. Akagonga kwa ngumi. Ikalia debe.

Akatoa simu.

"Sasa," alisema Mkuu kutoka kwenye chumba cha mitambo, na mafundi wanne waliokuwa wanafunga viti wakaacha kuwa mafundi.

Wakamlaza chini. Masanduku ya taa yakafunguliwa: hakuna taa hata moja. Baruti ya kutosha kuuangusha ukuta wa nyuma, kama mtu angeambiwa ndio wa kupiga.

Lakini maneno matatu yalikuwa yameshatoka kwenye simu.

"Ndani ni tupu."

*

Ghorofa ya tatu. Korido ndefu, giza la madirisha yaliyopigiliwa mbao. Mwisho wa korido, mlango ulio wazi, na mwanga.

Bikari alisimama gizani, mgongo ukutani.

Aliwaona. Meza ya kuchorea. Kalamu za Rotring zimepangwa kwa unene wake, hata hapa. Kitinda kwenye kiti, kifundo cha mguu kimefungwa kwa mnyororo, vidole vyeusi kwa wino, mdomo umepasuka. Mbele yake bwana wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, anaishusha simu kutoka sikioni bila haraka.

"Mhandisi," alisema Mshauri. Sauti yake ilikuwa ya adabu, sauti ya mtu anayerudisha chakula jikoni. "Nguzo zako ni tupu."

"Nilijua utazipenda," alisema Kitinda. "Kila mtu anazipenda."

"Niliambiwa mchoro hausemi uongo."

"Aliyekwambia hakuwahi kuchora."

"Nani anabeba paa?"

"Mungu."

Mshauri akaitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu linaridhisha. Akavuta droo, akatoa Walther yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Akaikagua.

"Bahati mbaya. Una mkono mzuri sana."

Kitinda hakulia. Aligeuza uso dirishani, akalitazama tangi.

Bikari alipapasa mifukoni. Hana bastola. Hana kisu. Kutoka alipo hadi bastola ile, mbio zozote zingefika baada ya risasi.

Vidole vikagusa Leica.

Bwana akainua mkono.

Nukta nyekundu ikatua juu ya shati jeupe. Ndogo, kali, imetulia juu ya kifungo cha tatu kutoka juu.

Mshauri akaiona. Mtu aliyeuza bunduki maisha yake yote anaijua nukta ile kuliko anavyolijua jina lake.

Akaganda.

"Ukipumua sana itasogea," ilisema sauti kutoka gizani. "Na ikisogea nakosa moyo, napiga ini. Ini linachukua muda. Weka chini."

"Wewe ni nani?"

"Mkandarasi mdogo. Weka chini."

Tone moja la jasho likamtoka Mshauri kwenye nywele, likashuka shavuni, likaingia kwenye kola. Bado alikuwa anapiga hesabu. Bikari aliiona ikipita machoni mwake. Umbali. Giza. Msichana kwenye kiti.

Bikari akaegemeza kiwiko ukutani. Nukta haikuhama.

"Nahesabu kimoyomoyo," alisema. "Hutajua nimefika ngapi."

Walther ikashuka mezani polepole. Kidole kikaiachia.

"Isukume kwake."

Akaisukuma. Kitinda akaidaka kwa mikono yake miwili ya wino.

"Dada," alisema, macho hayaondoki kwa Mshauri, "hii inashikwaje?"

"Hivyo hivyo. Pale mbele usiguse mpaka nikwambie."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usiguse."

Mshauri akapauka. Lile lilimtisha kuliko nukta.

Bikari akatoka gizani, kwa soksi, mkono umenyooka. Mkononi hakuwa na bunduki. Alikuwa na kimashine cha manjano na nyeusi, na kioo chake kilikuwa kinawaka tarakimu.

"Mita nne, sentimita thelathini na moja," alisoma. "Kutoka mlangoni mpaka kifungo cha tatu."

Mshauri aliutazama mkono ule. Kisha akafanya alichotakiwa kufanya mapema zaidi: akaruka.

Hakufika. Leica ikampata kwenye upande wa pua, ngumi ikaifuata palepale, na meza ya kuchorea ikampokea kwa kona yake. Rotring zikatawanyika sakafuni. Bikari akamfunga mikono kwa waya wa taa, akamfunga miguu kwa kilichobaki, akamtolea funguo mfukoni.

Mnyororo ukaanguka.

Kitinda hakusimama mara moja. Alimkumbatia dada yake kiunoni, akaficha uso tumboni mwake, na hapo tu ndipo mabega yakaanza kutikisika. Bikari akamwacha. Akamwekea kiganja kichwani.

"Ulichelewa," alisema Kitinda kwenye koti.

"Ulichora ngazi ya tangi upande wa kulia. Iko katikati. Nusura nipotee."

"Iko kulia."

"Nimetoka chini sasa hivi. Katikati."

"Kaa hapa."

"Kitinda, tuna mtu anavuja damu."

"Kaa."

Akakaa kwenye kiti. Akatazama dirishani.

Ngazi ilikuwa kulia.

"Mchoro unachorwa kutoka mtu alipo, Dada," alisema Kitinda, akijifuta pua kwa kiganja, akajichora masharubu ya wino. "Ndiyo maana uliacha chuo."

Simu ikalia. Mkuu.

"Tumemkamata na mzigo wote. Hakuna aliyeumia. Lakini alishapiga simu, mtoe mdogo wako haraka kabla—"

"Yuko hapa anavunja heshima yangu," alisema Bikari. "Tuma gari. Na mtu wa pua."

*

Saa tisa saini zikatiwa.

Tundu la drili lilikuwa limezibwa kwa chungu kikubwa cha maua. Wakubwa wa nchi mbili walitoka, wakapangwa, na kila mmoja akaegemea nguzo kwa kiwiko, akatabasamu. Kamera zikamwaga mwanga. Kitinda, gauni la kuazima, mdomo umefunikwa kwa rangi, alisimama miongoni mwao, akizitazama nguzo zake kama mama anayemwona mwanawe mtukutu akisifiwa na mwalimu.

Mkuu alimkuta Bikari ndani, peke yake, kwenye ukumbi uliokwisha kuwa mtupu. Akamkabidhi Glock na kitambulisho.

"Ripoti yangu iseme nini kuhusu kiwandani?"

"Shughuli ya kifamilia."

"Kalamu ile aliyochorea ukuta. Namba ngapi?"

"Sifuri nukta moja. Nyembamba kuliko hiyo hawatengenezi."

Mkuu akatikisa kichwa, akaenda zake kwenye picha.

Bikari akapita njia ya nyuma. Ukuta ulikuwa pale, mrefu, mtupu, bila pambo, bila mtu wa kuutazama. Mtu wa usafi alikuwa ameegemeza mafagio juu yake. Juu paa lote lilielea, tani kwa tani, na ukuta haukusema kitu.

Akaupiga kofi dogo, kama mtu anavyompiga begani mwenzake wa zamu.

Simu.

"Umempa mashine yake?"

"Nimempa, Mama. Kioo kimepasuka kidogo."

"Umeidondosha."

"Iligonga kitu."

"Ila ilimfaa?"

"Ilimfaa, Mama. Anakuja kula kwako leo. Anakupigia sasa hivi."

Akaiweka simu mfukoni, akavaa helmeti, akawasha Yamaha, akapita taratibu mbele ya nguzo nne nene zilizokuwa bado zinapigwa picha.